Mwaka Niliorudisha Tuzo

Mwezi uliopita tulimzika Sista Felista. Mpwa wake alisimama chini ya turubai akasoma wasifu wa marehemu kwa sauti iliyonyooka: muuguzi tangu ujana wake, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa, mke wa fundi wa reli, mlezi wa watoto wengi pale mtaani kwake Chemchem. Mimi nilikaa safu ya tatu nikisubiri mstari mmoja ambao haukusomwa, wala sikumlaumu kijana, maana angeupata wapi? Mstari wenyewe ni kwamba Felista alikuwa mtafiti. Sisemi hivyo kumpamba kwa kuwa amekufa. Siku hizi nakaa kwenye kamati zinazosoma maombi ya fedha za utafiti wa tiba ya dharura, na madaktari vijana hunijia ofisini na kompyuta zao kwapani kuniuliza siri ya kushinda. Huwa nawapa mambo ya kawaida: soma tangazo mpaka mwisho, usiahidi usichokiweza, usingoje siku ya kufunga dirisha la maombi. Yote ni kweli. Lakini ninachokijua hasa kuhusu kazi hii nilikipata nikiwa na miaka ishirini na sita, na nilikipata baada ya kushinda, siyo kabla.

Nilikuwa daktari mpya katika hospitali moja ya Tabora mjini, na nilipanga chumba nyumbani kwa Felista. Kilikuwa cha mwisho upande wa jiko, chenye kitanda chembamba, meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani, na harufu ya karanga za kukaanga iliyoingia hata kwenye mashuka. Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia njiani na maneno yakapita juu yake bila kubisha hodi. Felista wakati huo alikuwa amekwisha kupita hamsini, mfupi, mwepesi wa mguu, msimamizi wa zamu kwenye chumba cha dharura. Kazini aliniita dokta nami nikimwita Sista. Tukivuka kizingiti cha nyumba yake nikawa Nyamizi na yeye akawa mama. Tulikula pamoja mkekani, yeye, mumewe Baba Eliya na mimi: ugali, nsansa za majani ya kunde zilizokaushwa na kuungwa kwa karanga, na siku njema maziwa ya mgando. Jioni moja nimejilaza na karatasi zangu nikamsikia Baba Eliya ng'ambo ya ukuta akiuliza, "Huyu dokta wetu anaandika nini siku zote hizi?"

"Anaomba fedha za utafiti," Felista akajibu. "Anataka kujua kwa nini majeruhi wanafika hospitali wamechelewa."

"Si awaulize?"

"Anaziuliza fomu."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliozoeana, nami nikanuna peke yangu. Nilijiambia kwamba fundi wa reli na muuguzi wa cheti wasingeweza kuelewa andiko la utafiti ni kitu gani. Leo nikikumbuka ule mnuno huwa naona haya, kwa sababu mumewe alikuwa amenipa kwa maneno mawili ushauri ambao kamati nzima ya mabingwa ingeuchukua siku mbili kuutoa.

Tangazo la tuzo nililikuta kwenye ubao wa hospitali, limebandikwa juu ya ratiba ya chanjo. Shirika fulani lilikuwa linatoa fedha kwa watafiti vijana wa tiba ya dharura. Neno lenyewe lilikuwa bado geni. Wengi wetu tuliamini dharura ni chumba cha kupitia tu, mgonjwa akielekea kwa daktari wa kweli. Mimi nililipenda neno lile. Nilikuwa nimeona watu wakifia pale mlangoni, na nilikuwa na jibu tayari kabla sijauliza swali: wanachelewa njiani. Wanakaa na mgonjwa nyumbani, wanajaribu hiki na kile, na wakija kwetu muda umekwisha. Tulikuwa na fomu ambazo wauguzi walizijaza kwa kila majeruhi, zenye kisanduku cha saa ya tukio na kisanduku cha saa ya kufika. Nilizichukua kwa mafungu, nikazipeleka kwenye duka la vifaa vya ofisi la Bwana Ramesh, ambaye nyuma ya makabati ya daftari alikuwa na kompyuta mbili zilizounganishwa na mtandao. Nilikaa pale siku baada ya siku nikiingiza namba, huku mke wake akiniletea chai ya tangawizi na kachori. Kompyuta ilitoa saa ya tukio kwenye saa ya kufika, na majibu yalipojipanga kwenye kioo nilishika kichwa. Watu wa vijijini walikuwa wanapoteza karibu mchana mzima kabla ya kutufikia. Niliandika andiko kama mtu anayeshuka mlima kwa baiskeli.

Katikati ya andiko niliweka kisa cha mtu mmoja, kwa kuwa tangazo lilisema wanapenda visa. Masanja, mkulima wa Puge, alikuwa amepondwa mguu na gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe. Fomu ilisema tukio saa 1:00, kufika saa 10:00. Saa tisa nzima! Mguu ulikatwa chini ya goti. Nilimkumbuka vizuri kwa sababu siku ya pili mama yake alikuja kutoka Lusu, bibi mrefu aliyejifunga kitenge kifuani, akanisimamisha kwenye korido akaniuliza kama mguu wa mwanawe usingeweza kuokolewa. Niliichukua fomu, nikaitazama, nikamwambia, "Mama, mlimchelewesha mno. Angeletwa mapema huenda tungeuokoa." Aliinamisha kichwa. Akaniambia kwa upole, "Mimi sikuwepo. Alikuwa na mke wake." Kisha akaondoka, nami nikaendelea na zamu.

Tulishinda. Barua ilipofika, Mganga Mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali, mtu mrefu wa maneno machache, aliitisha soda na maandazi kwenye chumba cha mikutano akaisoma kwa sauti mara mbili. Hospitali yetu ilikuwa haijawahi kupata tuzo ya utafiti. Aliibandika barua ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Felista alinishika bega akasema, "Hongera, dokta," nami nilijiona nimerefuka. Siku chache baadaye wafadhili wakaomba maelezo mafupi ya mgonjwa mmoja, wayaweke kwenye jarida lao. Sikufikiri mara mbili. Nikapanda basi la Nzega, nikashuka Puge.

Nyumba ya Masanja ilikuwa hatua chache kutoka barabara kuu, ya matofali ya kuchoma, na uani kulikuwa na tandiko la michembe, vile vipande vya viazi vitamu vinavyoanikwa juani. Masanja alikuwa amekaa kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe, magongo yake yameegemezwa ukutani. Mkewe Kabula, mwanamke wa umri wangu hivi, alinikaribisha ndani, akanipa maji ya kunawa, akaleta karanga za kuchemsha na chai ya maziwa. Chumba kilikuwa kimefagiliwa hadi kinang'aa. Masanja alisogea akakaa mlangoni na mpini wake. Nilitoa karatasi nikamwambia Masanja kwamba kisa chake kitasomwa mbali, na kwamba ningependa kuwasomea nilichoandika ili wakubali. Nikaanza: mkulima huyu aliumia saa saba usiku, na kwa kukosa usafiri na uelewa, familia yake ilimfikisha hospitali baada ya saa tisa.

Kabula aliweka kikombe chini. "Saa saba usiku?"

"Ndiyo. Iko kwenye fomu."

"Dokta, saa saba usiku ng'ombe wanavuta mkokoteni kwenda wapi?"

Masanja aliacha kuchonga. Nilitazama karatasi, kisha nikamtazama Kabula. Akaendelea. "Ilikuwa saa moja asubuhi. Tulikuwa tunapeleka pamba. Niliisimamisha pikapu ya mnunuzi kwa kulala barabarani, mimi, kwa kulala katikati ya lami! Saa nne tulikuwa kwenye geti lenu. Halafu mkatuweka kwenye benchi. Tulikaa pale mpaka nikasikia adhana ya alasiri, ndipo mtu akaja kufungua kitambaa nilichomfunga mguuni. Nani kasema nilimchelewesha mume wangu?"

Masanja ndiye aliyejibu, kwa utaratibu, kama anayemweleza mgeni njia. "Mama yangu ndiye anayesema. Aliambiwa na daktari. Tangu siku ile hajakanyaga hapa, wala salamu ya Kabula haipokei. Anasema mke wangu alinikalisha nyumbani hadi damu ikaniishia." Hakuwa akinisuta, hakujua daktari mwenyewe nilikuwa mimi. Kabula naye hakujua. Na mimi, Mungu anisamehe, sikuwaambia. Nilikunja karatasi, nikasema kuna kosa ambalo lazima nilifuatilie, nikamaliza chai kwa adabu. Kabula akanifungia michembe kwenye gazeti.

Safari ya kurudi niliifanya nikihesabu kwa vidole. Msomaji wa Kiswahili ameshaelewa. Saa moja yetu ya asubuhi, kwenye saa ya ukutani iliyosomwa kizungu, ni saba. Aliyejaza kisanduku cha kwanza alikuwa ameandika kama alivyoambiwa na ndugu wa mgonjwa: moja. Aliyejaza cha pili alitazama saa ya ukutani akaandika kumi, yaani saa nne yetu. Mimi, niliyezaliwa na kukua nikisema saa moja asubuhi na saa mbili usiku, nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta ya Bwana Ramesh nikatoa moja kwenye kumi bila akili yangu kushtuka. Kwa nini haikushtuka? Nimejiuliza miaka yote hii, na jibu ninalolirudia ni lile lile: namba zilinipa jibu nililolitaka. Zingesema kinyume, ningezikagua hadi mwisho.

Nilimkuta Felista anapepeta mchele uani. Nilimwekea fomu ya Masanja mbele, nikamwuliza huku sauti yangu ikiwa kali kuliko nilivyokusudia, "Huu mwandiko wa nani?"

Aliifuta mikono, akaitazama. "Wangu."

"Mama, umeandika saa ya Kiswahili!"

"Niliambiwa saa moja, nikaandika moja. Ungetaka niandike nini?" Hakupandisha sauti. "Wewe ulituletea fomu za kizungu, ukasema zijazeni. Hukukaa nasi hata dakika tano. Wazee wetu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani wakihesabu kwa jua na kwa kambi, na walifika. Hatujakosa kujua saa, Nyamizi. Tulikosa wa kutuuliza."

Nilikaa chini pale pale kwenye kizingiti. Nilikuwa na hasira, na ilichukua muda kabla sijatambua kwamba hasira ile haikuwa na pa kwenda isipokuwa kwangu. Felista aliendelea kupepeta. Alipomaliza, alisema, "Kesho Jumamosi. Zilete zote."

Tulizimwaga fomu zote juu ya meza ya kulia, na hapo nikaona kitu ambacho sijakiona tena kwa mtu yeyote. Felista aliujua mwandiko wa kila muuguzi kama mtu anavyojua mwendo wa jirani yake. "Huyu ni Rehema, yeye huandika saa za ukutani siku zote, shule yao iliwafundisha hivyo. Huyu ni mimi. Huyu naye anachanganya, hizi tuziweke kando." Pale tulipotilia shaka tulimfuata muuguzi mwenyewe kwake tukamwuliza. Kazi ilichukua Jumamosi nne, Baba Eliya akitupikia uji wa karanga, kwa sababu alisema watu wanaosoma hawawezi kuaminiwa jikoni. Mwishoni, picha ikawa nyingine kabisa. Wengi wa waliotoka Puge, Lusu na kwingineko barabara ile walifika upesi kuliko tulivyodhani. Kilichobaki hakikuwa kwenye fomu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuweka kisanduku chake: muda kati ya geti na mkono wa kwanza. Muda wa benchi.

Kumwambia Mganga Mfawidhi kulihitaji nguo safi na pumzi ndefu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatazama kupitia mlango ulio wazi kuelekea ukuta ilikobandikwa barua. "Unajua unachotaka kuwaandikia?" akasema. "Kwamba tulidai watu wanachelewa, kumbe wanaochelewa ni sisi."

"Ndiyo, daktari."

"Fedha zimeshaidhinishwa. Ungeweza kurekebisha kimya kimya ndani ya utafiti. Wengi wangefanya hivyo."

"Ningeweza."

"Na unataka kufanya nini?"

Nilimwambia nataka kuwaandikia yote. Hakunijibu siku ile. Kwa siku tatu alipita mbele yangu akisalimia tu. Siku ya nne nilimkuta amekaa kwenye lile benchi la korido, koti lake jeupe amelikunja mapajani, katikati ya mama mwenye mtoto na mzee mwenye mkono uliofungwa kanga. Baadaye nilisikia kwamba alikaa pale tangu asubuhi, wala hakuna mgonjwa aliyemjua. Mchana akaniita. "Andika," akasema. "Na jina langu uliweke chini ya lako. Sitaki waseme kijana aliachwa peke yake."

Nikarudi kwa Bwana Ramesh. Aliniona nikiandika na kufuta, kufuta na kuandika, mwishowe akaja akasimama nyuma ya kiti akiwa na rula begani. "Dokta, samahani, mimi si msomi. Hii barua unarudisha zawadi yao?"

"Narudisha, Bwana Ramesh."

Aliishusha rula. "Baba yangu alisema mizani ikikosea, rudisha mteja kwanza, halafu tengeneza mizani. Tuma." Kisha akamwita mkewe alete chai.

Jibu lilikuja kwa simu, wiki kadhaa baadaye, kutoka kwa profesa mmoja wa Dar es Salaam aliyeongoza kamati. Sauti yake ilikuwa kavu, haikunibembeleza. Alisema tuzo inaondolewa na itapewa aliyefuata. Nilijibu kwamba naelewa, na kweli nilielewa. Kisha akasema, "Binti yangu, nimesoma maandiko mengi. Swali ulilonalo sasa ni kubwa kuliko lile tulilokupa tuzo. Dirisha litafunguliwa tena kabla ya mwaka kwisha. Usilete barua ya kuomba radhi, leta utafiti." Nilimshukuru. Mganga Mfawidhi aliibandua barua ukutani bila sherehe, akaacha pini zake nne pale pale.

Sikungoja fedha. Tulichokihitaji kilikuwa safu moja zaidi kwenye rejista na adabu ya kuuliza. Felista ndiye aliyeipanga. Mlinzi wa geti aliandika saa ya kuingia. Muuguzi alimwuliza ndugu wa mgonjwa kwanza walikuwa wanafanya nini wakati wa tukio, jua lilikuwa wapi, ndipo aulize saa. Na akiandika, aandike kwa maneno, asubuhi au mchana au usiku. Safu mpya ilisema: nani amemgusa mgonjwa kwanza, na saa ngapi. Wauguzi wengine walinung'unika kwamba tunataka kuwapeleleza. Felista aliwaitisha kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nami nikiwa nje ya mlango nikasikia akisema, "Jina la kwanza kwenye safu hiyo litakuwa langu, na nikichelewa mtaniona nimechelewa. Mwenye kuogopa aniogope mimi, asiogope daftari." Kufikia kiangazi mambo yalikuwa yameanza kubadilika hata kabla hatujaanza kuhesabu, kwa sababu mtu akijua ataandika saa, hunyanyuka mapema. Hilo nalo tuliliandika kwenye andiko, kwa kuwa lilikuwa kweli na liliharibu unadhifu wa majibu yetu.

Fomu ya maombi ilikuwa na kisanduku cha mtafiti mwenza na kiwango chake cha elimu. Niliandika: Felista, muuguzi, cheti. Felista alipoona alinikemea. "Utatukosesha fedha, Nyamizi. Weka daktari hapo."

"Swali ni la nani, mama?"

"La Kabula wa Puge," akajibu papo hapo, na alikuwa amesema kweli. Jina la Kabula halikuwa na kisanduku. Tukalieleza kwenye ukurasa wa kwanza, kwa ruhusa yake.

Kamati ilituhoji kwa simu ofisini kwa Mganga Mfawidhi, tumeinamia spika ya simu watu watatu. Mzee mmoja ambaye hatukupewa jina aliuliza swali lililokuwa haki yake: "Mwaka huu huu mlituletea saa zisizo sahihi. Leo tutaamini vipi saa zenu?" Nilifungua mdomo, lakini Felista aliweka kiganja juu ya mkono wangu.

"Shikamoo, mzee," akasema. Mzee akaitikia, "Marahaba." Felista akaendelea, "Zile saa zisizo sahihi niliziandika mimi. Kosa nimelijua, na mlango lililopitia naujua. Daktari asiyewahi kukosea hapa hawezi kuulinda mlango huo. Mimi naweza." Akaeleza safu kwa safu, bila karatasi, jinsi tunavyouliza na nani anakagua nani. Hakuna aliyeuliza tena kuhusu saa.

Tulipata. Barua ilikuja mvua za kwanza zikiwa zimeanza, na safari hii jina la Felista lilikuwa mstari wa pili. Aliisoma kwa miwani ya Baba Eliya, akaikunja, akanirudishia. Nilidhani atacheka au atalia. Akasema, "Bado Lusu."

Nilikuwa nimewaandikia wafadhili, nimemkabili mkubwa wangu, nimezungumza na kamati. Lakini kwa yule bibi wa korido nilikuwa sijaenda. Kabula nilishamwambia kwamba daktari aliyemponza alikuwa mimi, siku nilipokwenda kumwomba ruhusa ya jina lake. Alinitazama, akasema, "Basi kamwambie mama mkwe, si mimi." Na bado nilikuwa nimekaa miezi. Huwa ni rahisi kukiri mbele ya wasomi, kwa sababu wasomi wana utaratibu wa kusamehe makosa ya namba. Kwa mama wa mtu aliyekatwa mguu hakuna utaratibu.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada, Felista na mimi, kwenye gari la hospitali ambalo Mganga Mfawidhi aliliendesha mwenyewe. Alikataa kutuambia kwa nini. Mama yake Masanja, Bibi Milembe, alikuwa kwenye baraza lake pale Lusu akichambua choroko. Tukamwamkia, akaitikia, akanitambua mara moja. Nilikaa chini kwenye mkeka, siyo kwenye kigoda alichonisogezea. Nikasema, "Mama, mwaka jana nilikwambia mlimchelewesha Masanja. Sikusema kweli. Nilisoma fomu vibaya. Mkwe wako alimfikisha saa nne asubuhi. Alilala barabarani kusimamisha gari."

Mikono yake iliacha choroko. "Basi nani alimchelewesha mwanangu?"

"Sisi. Walikaa kwenye benchi letu hadi alasiri. Siku ile nilikuwa zamu."

Mganga Mfawidhi alivua kofia. Bibi Milembe alitazama choroko zake, na aliponena hakusema amenisamehe. Hadi leo sijui kama alinisamehe. Alisema, "Mwaka mzima nimempita yule binti sokoni kama mti." Akainuka, akaingia ndani. Tulimsikia akifungua sanduku, akifunga sanduku. Alipotoka alikuwa amebadilisha kitenge, na mkononi alishika kibuyu cha samli. "Haya uliyoyasema kwangu," akaniambia, "twende ukayaseme kwake, masikio yangu yakiwepo." Akaketi kiti cha mbele cha gari bila kuambiwa.

Tulipofika Puge, Kabula alikuwa uani akikusanya michembe kabla mvua haijaanguka, na Masanja amesimama kwenye magongo yake mlangoni. Bibi Milembe alishuka, akasimama pale ambapo ua unaanzia, miguu imeambatana, kama mgeni asiyewahi kufika. Mama mkwe habishi hodi kwa mkwewe. Yeye alibisha.

"Hodi, Kabula."

Kabula alibaki ameshika ungo. "Karibu, mama."

"Nimekuja na dokta, ana neno lake. Akimaliza, na mimi ninalo langu." Akaingia uani, akaweka kibuyu chini, akainama na kuanza kumsaidia mkwewe kuokota michembe, maana matone yalikuwa yameshaanza.